Mrundi wa njugu kafukuzwa mtaani kwetu, nami nilikuwa barazani nanywa kahawa

BarazaYaMajengo (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum, na wasiotumia hiyo, hamjambo. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Alhamisi iliyopita baada ya alasiri tulikuwa barazani kama ada yetu, watu sita na dele moja la kahawa tungu. Anayekaa Majengo, hapa Mombasa, anamjua kijana wa njugu, kama si huyu basi mwenzake: beseni la plastiki begani, kijiko cha chai ndicho kipimo, na karatasi za daftari la shule zilizokunjwa pembe. Ukifungua yako unaweza kukuta hesabu za mtoto wa darasa la nne, zimekosolewa kwa wino mwekundu. Huyu wetu ni Mrundi wa mji wa Ngozi. Kiswahili chake kizuri tu, ila l na r zinabadilishana viti: "Mzee, njugu za reo hizi." Mwaka wa tatu sasa anapita hapa, na ukiwa huna pesa anakukopesha.

Siku hiyo hakutufikia. Pale konani vijana kama wanane walimzingira. Mmoja akamuuliza kibali. Mwingine akasema, "Nyinyi ndio mwatujazia mji." Kisha beseni likapigwa teke, njugu zikamwagika mtaroni, na kabla hajajua afanye nini kuku wa jirani wakawa washafika. Hakulia, hakujibu. Aliinama akaokota kijiko chake, akakifuta kwenye shati, akaenda zake. Beseni kaliacha.

Sisi barazani? Mmoja alisema "Lahaula." Mwingine akajimiminia kahawa. Mie nikatazama simu yangu, na simu yenyewe haikuwa na kitu.

Usiku sikupata usingizi. Msinifikirie wema, sikuwa nikimfikiria Mrundi. Nilikuwa nafikiria cherehani.

Wenye umri wangu mwakumbuka mwaka wa Kayabombo. Tarehe 13 Agosti 1997, usiku, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Wiki zilizofuata zikawa za kuwasaka watu wa bara: Waluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya. Zaidi ya watu 100 walikufa na maelfu kwa maelfu wakahama. Uchaguzi ulikuwa Desemba, kila mtu anajua hesabu ile ilikuwa ya nani. Mie nilikuwa kijana, nimepanga chumba Likoni. Chumba cha pili alikuwa mama mmoja wa Kisumu, mshonaji. Akinishonea suruali zangu bure zikichanika, na Jumapili akinipa samaki wa kukaanga. Zilipoenea karatasi za kuwaambia wabara waondoke, alinigongea mlango alfajiri. Hakuomba nimfiche. Alitaka niinunue cherehani yake, ya kukanyaga, kwa sababu haingeingia kwenye basi. Nilimpa shilingi elfu moja. Ilikuwa na thamani ya mara sita au saba ya hiyo, na wote wawili tulijua. Alizihesabu, akasema "Asante, mwanangu," akashika njia ya feri.

Cherehani ile iko nyumbani kwangu hadi leo. Mke wangu anaitumia.

Sasa watu wakija hapa jukwaani wakiandika "Waafrika hatupendani", mie huona wanapita mbali na jambo. Yule mama nilimpenda. Kupenda hakukunizuia kumpa elfu moja. Mgeni akifukuzwa kuna mtu anabaki na meza yake, au chumba chake, au cherehani, na huyo mtu mara nyingi hakushika panga. Alikuwa jirani mwema tu mwenye pesa kidogo mfukoni.

Halafu huo ugeni wenyewe hapa Mombasa ni kichekesho. Wazee wetu wa Mvita ni Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili: Tisa Taifa na Taifa Tatu. Hebu someni baadhi ya majina ya hao tisa: Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni, Wakilifi, Wamtwapa, Wajomvu. Ni majina ya miji na pwani walikotoka! Wenyeji wa mji wanaitwa kwa walikotoka, na hakuna anayewauliza kibali. Vuka daraja la Nyali ufike Kengeleni, kengele bado ipo. Frere Town iliwekwa na wamishenari wa Kianglikana wa CMS miaka ya 1870 kwa watumwa waliokombolewa majahazini: Wayao, Wanyasa, Wamakua, na wengine waliopitia hadi Nasik kule India wakarejeshwa. Hawakuomba kuja. Mwambie mjukuu wao leo kuwa ni mgeni, uone atakavyokucheka.

Na babu yangu mie, aliyezaliwa Mji wa Kale akafia Mji wa Kale, alikuwa chini ya Sultani wa Unguja kwa jina na Mwingereza kwa vitendo, maana ukanda huu wa maili kumi ulikuwa wa Sultani, na bendera yake ilipepea Ngome ya Yesu mpaka Desemba 1963. Akaamka siku moja Mkenya. Hakusogea hata hatua moja. Uraia ndio uliokuja kumkuta yeye kitandani.

Basi nauliza. Tukitaja Muungano wa Afrika, pasi moja, uraia mmoja, twamaanisha nini sisi watu wa barazani? Au hayo ni ya Addis Ababa?

---

kijana_wa_Tudor

Mzee umeandika kitabu. Nimesoma chote kwenye matatu nikapitiliza stejini.

---

MamaVitunguu_Kongowea

Kaka, shikamoo, na pole kwa cherehani, lakini mimi nitasema lisilopendeza.

Nina meza soko la Kongowea mwaka wa kumi na nane. Nalipa ushuru kila siku, nalipa mbeba mizigo, nalipa mlinzi, nina watoto wanne na kodi ya nyumba Kisauni. Huyo Mrundi wako halipi chochote. Wanalala wanane chumba kimoja, kila mtu na mkeka wake, chakula chungu kimoja. Mtu mwenye watoto wanne hawezi kushindana bei na mtu mwenye mkeka. Hiyo nayo mnaiita chuki? Ni hesabu!

Na hao ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanatutendaje? Mdogo wangu alikuwa na saluni Tanga, viti vitatu, wasichana wawili wa Kitanzania akiwalipa mshahara. Julai 2025 serikali ya Tanzania ikatoa amri, kazi 15 marufuku kwa asiye raia: wakala wa pesa za simu, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii, maduka ya vinyago, hata usafi wa nyumba. Ukikamatwa, faini kuanzia shilingi milioni kumi za kwao au jela. Mdogo wangu amerudi na masanduku mawili, viti ameviuza. Unajua kauza shilingi ngapi? Hiyo ndiyo cherehani yetu sisi.

Mnakumbuka 2017, vifaranga 6,400 vya Kenya vilivyochomwa moto Namanga, vikiwa hai? Mimi siku ile nililia, na sifugi kuku.

Umoja wa Afrika naupenda. Lakini kila siku unaanzia kwenye meza yangu. Kwa nini hauanzii kwenye meza ya mbunge?

---

Mtanga_wa_Ngamiani

Dada Mama Vitunguu, shikamoo. Mimi niko Tanga na amri ile siipendi, ila na nyinyi semeni yote. Machi 2021 ni Kenya iliyozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikaa foleni mpakani, wakulima wetu wakauza kwa hasara. Hatukuwa na vifaranga wa kupiga picha, ndiyo maana hamkuyaona.

Huku kilio ni kuwa Mkenya anakuja na mtaji na Kiingereza, anachukua biashara nzuri, anatuachia kuchukua mizigo. Kilio kilekile chako dada, umekigeuza tu upande. Kwako mgeni anakushinda kwa umaskini wake, kwetu anatushinda kwa utajiri wake. Mgeni hana namna ya kupatia.

Na hivyo vitunguu mezani kwako, kama si vya Mang'ola nitakuwa sijui vitunguu. Machungwa je, hapo Kongowea? Ya Muheza hayo. Yamepita Horohoro na Lunga Lunga bila kuulizwa kabila.

Mpaka wenyewe nao! Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani walichora mstari kuanzia mlango wa mto Umba kwenda juu hadi ziwani. Umepita katikati ya Wadigo. Bibi yangu kazikwa Moa, dadake kazikwa Vanga. Msiba ukitokea twavuka kwa mtumbwi au kwa pikipiki, na mkono wa rambirambi ni ule ule.

---

Mvuvi_Asiye_Leseni

Namba moja kwenye huu uzi ni kuku. Kuku hawana mipaka, wamekula njugu za Burundi papo hapo.

---

Makongeni_Msambweni

Naandika mara yangu ya kwanza hapa, huwa nasoma tu.

Mimi ni Mmakonde wa Kwale. Babu alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge wakati wa Mwingereza. Wengine walikuja kwa miwa ya Ramisi. Mama yangu kazaliwa hapa hapa, na mimi pia. Hadi nimeoa sikuwa na kitambulisho. Watu wenye kitambulisho hawajui maana yake, kama vile mwenye meno hajui mfupa ni mgumu. Laini ya simu ilikuwa ya jina la jirani. Pesa zangu ziko kwenye simu yangu lakini kwa jina la mtu mwingine, na siku tumegombana kwa ajili ya mbuzi, aliniambia, "Kumbuka laini ni ya nani." Mtoto kufanya mtihani, cheti cha kuzaliwa hakuna. Kupanda basi kwenda Mombasa, unaomba Mungu kusiwe na kizuizi cha askari.

Oktoba 2016 watu wetu walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumuona Rais. Mimi nilikuwa na kidonda mguuni nikabaki nyuma na wazee, na hilo linaniuma kuliko kidonda. Walipokelewa, amri ikatoka, na vitambulisho tukaanza kupata. Tukaitwa kabila la 43. Siku ya kupiga alama za vidole mama yangu vidole vyake havikusomeka kwenye mashine, vimelika na kuchonga na kulima. Wakampaka mafuta, wakarudia. Akacheka, akasema Kenya inamtafuta miaka sabini na ikimpata haimuoni.

Wapemba wa hapa kwetu, wa Kwale na Kilifi, wao walisubiri mpaka 2023. Wavuvi hodari, wanaijua bahari yetu kuliko sisi, lakini bila kitambulisho huna leseni ya uvuvi, na bila leseni kila doria ni mwizi kwako. Washona wa Nairobi, waliokuja na kanisa lao kutoka Zimbabwe, walitambuliwa 2020.

Ninachotaka kusema: majirani walitupenda wakati wote huo. Walitualika harusini. Lakini harusi haikupi laini ya simu.

---

MwanaMji_01

Wote warudi kwao. Warundi, Wakongo, na wabara pia. Pwani si yao.

---

Likoni_Kwetu

@MwanaMji_01 nirudi wapi, kaka? Baba Mkamba, mama Mtaita, mimi nimezaliwa Likoni, kitovu changu kimezikwa Likoni. 1997 nilikuwa na miaka tisa. Tulilala kanisani Likoni na mamia ya watu, sakafuni, mama akinifunika kichwa na leso nisisikie. Mtu aliyetuletea uji asubuhi alikuwa jirani Mdigo, kaja na ndoo na watoto wake wawili kwa miguu, na vijana njiani wakamwita msaliti.

Mzee Baraza, sikujua kama niseme hili. Uliyoandika yamenipandisha hasira. Yule mama angekuwa mama yangu. Halafu nikasoma tena nikaona angalau umesema bei. Hakuna mtu amewahi kuniambia bei.

---

BarazaYaMajengo (mwanzisha uzi)

@Likoni_Kwetu sina la kukujibu mwanangu. Nimekusoma.

@MamaVitunguu_Kongowea, marahaba dada yangu. Hesabu yako ni ya kweli na sitakuletea mashairi. Lakini mdogo wako alifungiwa saluni na serikali. Yule Mrundi hakuwa Dodoma siku hiyo, alikuwa hapa akitukopesha njugu. Tukimpiga yeye kwa ajili ya Tanga, tumempiga nani?

Ushuru hapo nakubaliana nawe moja kwa moja. Alipe. Ila nilimuuliza mwaka jana kwa nini halipi. Akaniambia alikwenda kuuliza, akaambiwa alete kitambulisho cha Kenya. Hana. Basi kanjo, askari wa kaunti, wakimkuta anawapa hamsini hapa, mia kule. Nilipiga hesabu naye barazani: kwa mwezi anatoa zaidi ya ambavyo leseni ingemgharimu. Analipa, dada. Hapewi risiti tu.

Na kuna kitu kingine. Jumapili nilipita pale konani. Yuko kijana mwingine, wa hapa hapa, mmoja wa wale wanane. Beseni ni lile lile, nimelijua kwa ufa wake. Kijiko kilikuwa shilingi kumi, sasa ni kumi na tano.

---

SheriaKidogo

Niseme kidogo upande wa karatasi, maana watu wanachanganya mambo matatu.

Kuingia, kukaa na kufanya kazi ni milango mitatu, na kila mmoja una bawabu wake. Burundi iko kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, pamoja na Rwanda. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na ndani yake kuna haki ya kutembea, ya kufanya kazi, ya kuanzisha biashara, hata kujiajiri mwenyewe. Ukiisoma utadhani yule kijana angeweka meza yake Majengo kama angekuwa Bujumbura. Kisha unageuza ukurasa unakuta kila nchi imejiandikia ratiba yake ya nani imfungulie na lini, na chini yake kuna sheria za uhamiaji, na chini yake tena kuna kaunti na dirisha lake la leseni. Haki inashuka kutoka Arusha ikiwa jahazi, ikifika kwenye dirisha ni ngarawa.

Kinachofanya kazi nakiona pia. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavukiana kwa kitambulisho tu. Nimekwenda Kampala na kadi mfukoni, bila pasipoti, na nilijisikia mtu.

Ngazi ya bara zima ni simulizi nyingine. Mkataba wa Umoja wa Afrika wa watu kutembea kwa uhuru ulipitishwa Addis Ababa Januari 2018. Unahitaji nchi 15 kuuridhia ndipo uanze. Walioridhia, mpaka nilipoangalia mwisho, ni wanne: Rwanda, Niger, Mali, na São Tomé na Príncipe. Linganisha na mkataba wa eneo huru la biashara, wa mwaka huo huo, ambao nchi zilikimbilia na ukaanza kutumika kisheria 2019. Maana yake ni kuwa marais wetu wanataka nyanya ivuke, mwenye nyanya abaki.

Pasipoti ya Afrika nayo ilizinduliwa Kigali Julai 2016. Wa kwanza kupewa walikuwa Kagame wa Rwanda na Déby wa Chad. Marais wawili ambao hata wangekuja na kadi ya kliniki hakuna mpaka ungewazuia.

Na msidhani wazee hawakujaribu. Nyerere mwaka 1960 alisema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili tuingie uhuru kwa pamoja kama shirikisho. Juni 1963 yeye, Kenyatta na Obote wakatangaza Nairobi kuwa shirikisho litakuwa tayari kabla ya mwaka kuisha. Mwaka ukaisha. Jumuiya ya kwanza ilizaliwa 1967 ikafa 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa miaka. Tanzania hiyo hiyo, 2014, ikawapa uraia wakimbizi zaidi ya 160,000 wa Burundi waliokuwa huko tangu 1972. Kwa hiyo nchi ni ile ile, siku moja inafunga saluni, siku nyingine inafungua daftari la uraia. Inategemea nani anauliza na uchaguzi ni lini.

---

Durban_Point

Salamu kutoka Durban. Mimi ni wa Kisauni, nipo huku mwaka wa kumi na tatu, nauza vitenge.

Nimeusoma uzi huu nikiwa nimefunga mlango wa duka, kwa sababu huku ukisikia kelele barabarani unafunga kwanza ndipo unauliza. Aprili 2015 kushambuliwa kwa wageni kulianzia Isipingo, kusini mwa mji. Rafiki yangu Mkongo alikuwa na duka la kinyozi huko, akaja kwangu na mashine moja ya kunyolea na waya wake, basi. Mashine nyingine tano alikuwa anaziona kwa jirani yake akipita, miezi baadaye. Mzee Baraza, cherehani yako ina ndugu wengi.

Walikaa mahemani Chatsworth wiki kadhaa, Wamalawi, Wakongo, Wamsumbiji, Warundi. Unajua lugha ya ile kambi ilikuwa gani? Kiswahili, nusu yake. Watu wakigawana mkate kwa Kiswahili cha Bukavu na cha Kigoma, na mimi napeleka sukari nikawa mkalimani wa watu wanaosema lugha yangu.

Wazee wa hapa wananisimulia 2008. Watu 62 waliuawa mwezi ule wa Mei. Walikuwa wanamsimamisha mtu wanamuonyesha kiwiko, sema hiki kinaitwaje kwa Kizulu. Indololwane. Ukikosa, umekwisha. Sasa sikilizeni: kati ya wale 62, raia wa Afrika Kusini wenyewe walikuwa 21. Ama weusi mno, ama kabila dogo la kaskazini, ama walijikwaa ulimi. Anayesema "wageni watoke" hajui orodha inaishia wapi. @MwanaMji_01 ameshaifikisha kwa wabara katika sentensi mbili.

Siku hizi kuna kundi, Dudula, lilianzia Soweto 2021. Mwaka 2025 walikuwa wanasimama milangoni pa kliniki za serikali wanadai vitambulisho kabla mgonjwa hajaingia. Mke wangu alikuwa mjamzito. Tulikwenda kwa daktari wa kulipia, na pesa ya mzigo ikaishia hapo.

Lakini nitasema na lingine, msije mkadhani ni nchi ya wanyama. Mwenye nyumba wangu ni mama wa Kizulu, mjane. 2015 alibandika karatasi mlangoni kwangu, kwa mkono wake, kwamba nyumba ni yake na aliye ndani ni mwanawe. Imeandikwa Kizulu, siwezi kuisoma vizuri hadi leo. Nimeiweka ndani ya Msahafu.

---

Mtanga_wa_Ngamiani

Na hao wa Afrika Kusini, wakati wakipigania uhuru wao, walikaa kwetu Morogoro! Mazimbu walipewa ardhi wakajenga shule, watoto wao wakasoma, wengine wamezikwa pale. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa Dar es Salaam. Hakuna aliyemuuliza mtu kiwiko.

---

MamaVitunguu_Kongowea

Durban, mtoto alizaliwa salama? Hujasema.

Baraza, hiyo ya kumi na tano umenipata. Sikuwa nimefikiria bei ingepanda, nilifikiri wakiondoka nitapumua. Lakini sijabadilika kuhusu ushuru, na sijabadilika kuhusu mbunge.

---

Durban_Point

Salama dada. Msichana. Anaitwa Mwanamvita, wamuite watakavyo shuleni.

---

BarazaYaMajengo (mwanzisha uzi)

Nina habari, kisha nitanyamaza.

Nimempata yule kijana. Yuko Ukunda, anauzia mwenzake njugu kwa kamisheni hadi apate beseni. Nikamuuliza nimsaidie nini, akaona haya, kisha akasema: "Mzee, madeni yangu." Alikuwa na daftari. Akanitumia picha ya ukurasa.

Wallahi nimelisoma nikatamani ardhi ipasuke. Hajui majina yetu, kwa hiyo ametuandika kwa alama zetu. "Mzee kofia kijani." "Baba mapacha." "Fundi baiskeli." Mie ni "Mzee simu", shilingi 150. Jumla ya mtaa ni shilingi 1,340. Na chini, kwa mstari wake, "Kijana fulana ya Arsenali, 220." Huyo namjua. Ndiye aliyeuliza kibali.

Jana baada ya isha nililipeleka daftari barazani nikalisoma kwa sauti. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Tumechanga 1,050. Fundi baiskeli anasema atalipa Ijumaa. Fulana ya Arsenali alisikia kutoka pale konani, akaja baadaye peke yake, akanipa mia moja, akasema nyingine bado, nisimwambie mtu. Nawaambia nyinyi tu.

Nimemwambia kijana arudi. Akauliza, "Nikirudi, siku hiyo utakuwa barazani?" Nikasema nitakuwepo. Akasema, "Hata ile siku ulikuwepo, mzee." Hajasema atarudi.

---

SheriaKidogo

Mzee, akirudi niandikie faraghani. Nitamsindikiza dirishani mwenyewe nione hicho kitambulisho cha Kenya kinachodaiwa kimeandikwa katika sheria ipi.

---

Likoni_Kwetu

Na cherehani?

---

BarazaYaMajengo (mwanzisha uzi)

Iko pale pale dirishani, mwanangu. Chini ya ubao wake kuna herufi mbili zimechorwa kwa msumari, A na O. Mke wangu amekuwa akizipangusa vumbi miaka yote hii. Jana usiku, nilipotoka barazani, ndiyo mara ya kwanza ameniuliza ni za nani.